Kila Anayebisha Huambiwa Karibu

Alhamisi usiku, Majengo

Onyesho la mlangoni bado linanikera. Katika riwaya ninayoigeuza kuwa filamu, mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani mpaka akaribishwe, na mwandishi amempa kurasa kumi za kubembeleza. Mchana nimemsomea Mama, jikoni kwake Kiganjo. Amecheka.

"Ati kurasa kumi? Hapa kwetu akibisha tu, namwambia aingie hata kabla sijamwona. Na chai nitampea."

Nimezifuta zote.

Jioni nikiandika upya, mlango wangu ukabishwa. "Karibu, ingia!" nikasema bila kuinua kichwa.

Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Nimeufunga. Nimeipekua riwaya nzima, na haisemi popote mgeni aliyekwisha kukaribishwa hutolewa vipi.