Ufunguo wa Maabara na Vikombe vya Wageni

Mshauri wangu mpendwa, nakusalimu kutoka huku Mogogosiek, mimi ni mama wa makamo, mke wa mtu, huwa nasoma ukurasa wako nikingoja chai ichemke na mara nyingi nakubaliana nawe hata unapogombeza watu, kwa hivyo leo nimeona nikuletee yangu, unisaidie kabla sijafanya jambo litakaloleta baridi nyumbani kwangu.

Mume wangu, Baba Chepngeno, ni fundi wa maabara katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, pale wanaposomea uhandisi wa elektroniki na mawasiliano, na nikwambie ukweli, ni mwanamume mzuri, hanywi, ananipasulia kuni bila kuambiwa, na ile maabara anaipenda kama mtoto wa kuzaa. Chuo kililetewa mashine mpya, kuna za kupima umeme, kuna za mambo ya redio, kuna moja yenye kioo kama runinga ndogo, ukiiwasha inachora mawimbi ya umeme yakipanda na kushuka, na zote ziliandikishwa kwa jina lake, kwamba ikiharibika moja yeye ndiye wa kujibu, na tangu siku hiyo hajamruhusu mwanafunzi hata mmoja aguse. Anazipangusa kila asubuhi, plastiki zilizokuja nazo hajazitoa, tena aliniomba nizifumie vitambaa vya kufunika, nikafuma vya kijani kwa uzi wa sweta, rangi ya chuo, vikampendeza sana. Wageni wakija kutoka Nairobi vitambaa vinatolewa, wanafunzi wanavaa makoti meupe, wanasimama kando ya mashine, wanapigwa picha, halafu wanatoka polepole wasije wakakwaruza kitu, na masomo yanaendelea darasani, mwalimu akichora ubaoni mashine ambayo iko upande wa pili wa ukuta. Walimu wamelalamika mpaka wakachoka.

Sasa shida yangu ni Beverly. Huyu ni binti wa rafiki yangu Marcella anayechuna chai kwenye shamba la kampuni, watu wa upande wa ziwa, lakini msichana amezaliwa hapa, tumeabudu katika kanisa moja miaka yote na amekula kwangu kama kwao. Yuko mwaka wa mwisho. Juzi alienda kiwanda cha chai kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini, ambayo asipoipata hatamaliza na wenzake, na injinia wa pale, mama mmoja mpole, akampa kipima umeme akamwambia, "Hebu pima hapa uniambie kama kuna moto." Mshauri, Beverly alikuwa amekichora kifaa hicho kwenye mtihani akapata alama zote, ila kukishika hakuwa amewahi, akachomeka waya kwenye tundu lisilofaa na kifaa kikazimika mikononi mwake, mafundi wote wakitazama. Injinia hakumfukuza. Alimwambia arudi mwezi ujao, "lakini ukuje kama umeshika vitu." Badala ya kwenda kwa mamake alikuja kwangu, akakaa jikoni akalia mpaka ikabidi niipue sufuria niketi naye, akaniambia, "Auntie, mimi najua yote, lakini mikono yangu haijui kitu. Nipatie tu saa moja huko ndani, sitaharibu."

Nilijaribu kuongea na mzee. Nikamwambia, "Baba Chepngeno, si umfungulie huyu mtoto kidogo?" Akaniangalia kama nimemwambia auze ng'ombe. "Hii vitu si ya kuchezea. Ikichomeka ni mimi, si Beverly. Wacha wasome kwanza, watashika wakienda kazi." Nikamwambia, "Na kazi nayo inataka wakuje wakiwa wameshika." Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Na hapa ndipo ninapoungua. Mama mkwe anatibiwa hospitali ya Longisa, kila Jumamosi mume wangu anaenda kumwona, na ufunguo wa maabara ananiachia mimi, ananiwekea mkononi mwenyewe kwa sababu anasema hakuna mwingine anayemwamini. Askari wa lango la chuo ananijua, hatauliza. Jumamosi iliyopita niliutoa kwenye kopo la sukari ninamouficha, nikauangalia, nikaurudisha, nikautoa tena. Nikimpa Beverly nitakuwa nimemdanganya mtu ambaye hajawahi kunidanganya. Nisipompa, nitamwona mtoto huyu akienda kuchuna chai na mamake huku kichwa kimejaa hesabu za umeme. Nawapenda wote wawili. Niambie nifanye nini.

Mama Chepngeno

*

Mama Chepngeno, rudisha ufunguo ndani ya kopo, funika, na ulisukume nyuma ya unga. Usimpe Beverly. Najua umekasirika kusikia hivyo, lakini fikiria kidogo. Umemweka msichana peke yake kwenye chumba cha mashine asizozijua, anasikiliza kama kuna mtu anakuja. Kifaa kimoja kikizimika, yeye ataitwa mwizi, mumeo ataitwa kazini kujieleza, na wewe utapika chakula cha watu wawili wasioongea. Na hata akitoka salama, amejifunza nini kwa saa moja ya woga? Na wenzake wa darasa lile, ambao hawana auntie mwenye ufunguo, watafanyaje?

Kwa hivyo hilo limekwisha. Sasa tuongee mimi na wewe.

Kuna kitu umeandika ukapita mbio kama mtu anayepita nje ya nyumba ya mtu anayemdai. Vitambaa vya kijani. Mama, ni wewe uliyezivisha zile mashine. Unamshangaa mumeo kwa kuzifunga, na sindano ya kufumia ilikuwa mkononi mwako. Sijawahi kufika kwako, lakini wacha nikuelezee sebule yako. Viti vimefunikwa vitambaa, na watoto wako walikua wakikaa kwenye stuli. Kwenye kabati la kioo kuna vikombe vyenye maua na ukingo wa dhahabu, vya wageni, na wewe mwenyewe unakunywa chai kwa kikombe cha plastiki kilichopoteza mkono. Nimekosea? Najua sijakosea, kwa sababu hata kwangu kabati hilo lipo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, kwamba kitu kizuri kinangoja mgeni. Mumeo ameketi kwenye sebule hiyo miaka yote, akapewa maabara, akaitunza kwa njia aliyoiona nyumbani. Hana roho mbaya. Anatunza vikombe.

Lakini mashine ya kufundishia si kikombe cha wageni. Mgeni wake ni Beverly, na amesimama mlangoni tangu mwaka wa kwanza.

Sasa fanya hivi. Jumapili hii mkitoka kanisani, mwite Marcella na bintiye, na umwambie Beverly aje na wanafunzi wenzake wachache. Toa vitambaa vyote kwenye viti. Fungua kabati, toa vile vikombe, uwamiminie chai wanafunzi, nao wakimaliza uwaache wavioshe wenyewe. Mumeo atakodoa macho, mwache akodoe. Kimoja kikivunjika, na huenda kikavunjika, usiseme "haidhuru" kwa ile sauti ambayo wote wanaijua. Fagia, mimina kingine.

Kisha, kabla hawajaondoka, chukua ufunguo aliokuachia Jumamosi, umwekee mumeo mkononi mbele yao, kama yeye anavyokuwekea wewe. Mwambie maneno haya: "Hawa hawataki ufunguo wako. Wanakutaka wewe." Maana katika barua yako yote sijaona mahali mtu yeyote alipomwomba huyo mwanamume afundishe. Walimwambia alinde, na amelinda. Yeye ndiye anayejua waya gani unaingia tundu gani. Mwombe aanze na kipima umeme peke yake, siku moja baada ya masomo, yeye akiwa amesimama hapo hapo, Beverly akishika na wenzake wakingoja zamu. Ile yenye kioo itafuata akishapoa.

Na hofu yake usiidharau, kwa sababu ni ya kweli. Ni nani angefungua mlango akijua kila kitakachozimika kitaandikwa jina lake? Aende kwa mkuu wa idara pamoja na wale walimu waliochoka kulalamika, wakubaliane kwamba kifaa kikiharibika mwanafunzi akijifunza, fundi akiwepo, hilo ni jukumu la chuo. Wewe msindikize mpaka langoni kama itabidi. Askari anakujua.

Beverly naye mwambie kutoka kwangu aache kulia. Kuzima kifaa kimoja mbele ya mafundi kunaaibisha, lakini lile tundu hatalikosea tena maisha yake yote, na injinia yule anajua hivyo, ndiyo maana alisema rudi.

Limebaki jambo moja la kukupa kazi. Maabara ikifunguliwa, vile vitambaa vya kijani usivirudishe juu ya mashine, wala usivitupe. Vifumue vyote, uzungushe uzi, umfumie Beverly sweta. Asubuhi za huko kwenu zina baridi, naye atakuwa anaenda kazini.