Fainali Aliyoitazama Baba Mkwe

Kaka, nimetoka ukweni kujitambulisha. Niko kwenye gari, hata ufunguo sijui nimeuweka wapi.

Chai tumekunywa, mambo yananyooka. Mara baba mkwe akaanza kusimulia fainali ya Kombe la Dunia la kwanza, la 1930. Eti aliitazama kwenye runinga. Ya rangi.

Mzee kazaliwa 1950, kaka. Na ukoo mzima unaitikia, "Kweli kabisa."

Mimi na ualimu wangu wa historia, mdomo ukaniponza. "Baba, kombe lile halikuonyeshwa kwenye runinga."

Mjomba wangu aliyenisindikiza akanifinya paja.

Mzee akanitazama taratibu. "Haya, wewe uliyekuwepo, tueleze."

Wewe uliyekuwepo. Kaka, wewe uliyekuwepo.

Nikasema labda vitabu vyetu vimekosea. Nikamuuliza, tena kwa heshima, bao la mwisho lilifungwaje. Akasimama, akapiga shuti, kandambili ikatua juu ya kabati. Tukapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sasa hivi mchumba kaniandikia: "Baba amekukubali. Anasema una adabu, ila wajukuu zake historia atawafundisha mwenyewe."