Mzungu Aliyependa Wimbo wa Mama

Mjukuu wangu Naliaka,

Hujambo huko kwenye baridi? Huku Kabuchai tuko sawa. Mama yako amepona mguu, na mahindi yameanza kubeba.

Umeniuliza kwa nini ulitaka kulia wakati Wazungu wa chuo chenu walipolipigia makofi shairi lako kuhusu dharau zao. Kusema kweli, sijui. Lakini nimemkumbuka mama yangu.

Nikiwa msichana, tulipalilia mahindi kwenye shamba la Mzungu karibu na Kitale. Mama alitunga wimbo kwa Kibukusu: mbwa wa bwana ana jina, lakini sisi sote tunaitwa "wewe". Mzungu akaupenda, akawa anaupiga mluzi. Siku moja akauliza, "Huu wimbo inasema nini?"

Tukaacha kulima. Mama akamwambia yote.

Uso wa Mzungu ukawa mwekundu. Kisha akasema, "Jina yako nani?"

"Nekesa."

Tangu siku hiyo alimwita kwa jina, na vibarua wenzake wakampongeza Mama. Lakini tulipofika nyumbani mama alilia. "Sasa ati nifurahi? Jina yangu kwa mdomo yake naisikia kama si yangu."

Sikumwelewa. Si alikuwa amepata alichotaka? Wimbo ule hakuuimba tena. Alitunga mwingine, akatuimbia sisi watoto wake tu.

Sikwambii uache kuwasomea. Ila mimi bado sijalisikia hilo shairi. Nipigie Jumapili unisomee, hata kama utalia.

Mimi nyanyako,
Nafula