Sura Juu ya Karatasi ya Mchele

Seloni, 12 Februari 1944

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mie mzima, hofu ni kwenu huko Temeke. Mke wangu Hamisa hajambo? Na binti yangu Tabu, niliyemwacha tumboni?

Mama, karibu na kambi yetu ya jeshi, huku kisiwani, kuna mzee Mchina anapika karatasi! Anakoroga unga wa mchele, anautandaza mwembamba juu ya mvuke, kisha anauanika. Wakitaka kula wanailoweka, wanafungia mboga, wanatafuna yote. Nakutumia chache ucheke.

Mwanao, Shomari

Temeke, 3 Mei 1944

Mwanangu Shomari,

Marahaba, baba. Sie wazima, ila mie homa ilinishika kidogo. Karatasi zimefika, nusu zimevunjika. Tumefungia kashata, Tabu kala na kifungio chake, Hamisa kacheka mpaka kakaa chini. Moja nilimpelekea mwalimu wa chuo cha Kurani aniandikie kombe, aya za kunywa, kwa zafarani, badala ya kwenye sahani. Nikailoweka, ikalainika kama uji, nikanywa yote. Homa ikakata.

Ila Tabu, kila askari apitaye anamwita baba. Tuletee sura yako.

Mama yako, Mwanabaraka

Seloni, 20 Juni 1944

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mie sijambo. Yule Mchina kanichora kwa rangi, juu ya karatasi ya mchele. Pua kaikosea, kanipa ya kwao, lakini macho ni yangu. Ni moja tu, itunze. Tabu aione kila siku, aache kugawa ubaba wangu.

Tunahama. Wapi, hatuambiwi.

Mwanao, Shomari

Temeke, 9 Oktoba 1944

Mwanangu,

U hali gani? Mbona kimya?

Picha yako ilikaa ukutani, Tabu akiibusu kila asubuhi. Mwezi uliopita homa ikampanda, akageuza macho. Mwalimu kasafiri, wa kuandika kombe hakuna. Nikawaza, iliyoniponya mie ni karatasi hiyo hiyo, na baba naye ana baraka kwa mwanawe. Nikaitia picha majini. Rangi zikatoka, Tabu akanywa. Lakini karatasi haikulainika. Kumbe ya kuchorea siyo ya kula! Imebaki nyeupe, kama sanda.

Tabu kapona, ila sasa sina baba wa kumwonyesha. Nisamehe, mwanangu. Chorwa tena, au njoo mwenyewe.

Mama yako, Mwanabaraka

Temeke, 18 Machi 1945

Mwanangu Shomari,

Leo sikuulizi hali. Watu wa boma walikuja, wakasema ulifia mtoni, Burma, mwezi wa Disemba. Sijui kama barua yangu ilikuwahi, ukanisamehe. Hilo ndilo linaloniua.

Matanga tumeanua. Hamisa amekaa eda. Jana Tabu kamkimbilia askari barabarani, "Baba!" Safari hii hatukumkataza.

Posta haifiki uliko. Naandika kwa zafarani, juu ya karatasi ile ile iliyokuwa na sura yako. Nikimaliza nitaitia majini, ninywe mwenyewe, kisha nitaianika, nikuandikie tena.

Mama yako