Radhi Kabla ya Jicho la Pili

Jumatatu, 3 Juni

Matone tena. Zuhura, binti yangu, huyatia. Mimi nalala chali hadi yaingie. Jicho la kulia limekwisha kupasuliwa na bendeji imeondolewa. La kushoto ni Jumatano ya wiki ijayo.

Leo nimeandika kwa mkono wangu. Miaka sita ya mtoto wa jicho, mke wangu ndiye aliyeandika niliyosema. Mwandiko umekuwa wa kitoto, ila mistari imenyooka. Nimesoma ukurasa mmoja wa mswada wangu kuhusu njia ya misafara. Una makosa. Nimefurahi kuyaona.

Mke wangu sijamwona bado. Zuhura anasema ametoka. Jibu hilo nimelisikia kila mchana tangu nirudi kutoka wodini mwezi wa nne. Sikulijali. Kila alasiri huja mwenyewe hapa chumba cha mbele nilikolazwa, huketi karibu na kitanda, huchagua mchele kwenye ungo, tunaongea.

Jumanne, 4 Juni

Alasiri, baada ya matone, nimefumba macho. Akaja. Mchele ukaanza kuruka kwenye ungo. Akalalamika kwamba siku hizi mchele una mawe mengi kuliko punje. Nikafumbua jicho nimwone.

Kiti kitupu. Sauti ilikatika kama redio iliyozimwa. Nikafumba, ikaendelea pale pale katikati ya neno. Nimerudia jaribio hilo kwa utaratibu. Matokeo hayakubadilika.

Naogopa. Naandika neno hilo bila kulipamba.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda jikoni bila kushikwa mkono. Ungo umetundikwa ukutani. Ndani yake umeganda udongo mbichi, mwekundu.

Zuhura aliponikuta nimeushika aliketi sakafuni. "Baba, tulitaka upate nguvu kwanza." Hakuendelea mpaka nilipomwamuru.

Mama yake alifariki mwezi wa tatu, presha, wakati mimi sijitambui wodini kwa sukari. Akazikwa kesho yake. Ndugu walikubaliana nifichwe hadi nipone. Ndivyo tunavyomfanyia mgonjwa. Siwezi kuwalaumu kwa jambo ambalo ningelifanya mwenyewe. Walipanga kuniambia jioni niliyorudi nyumbani. Jioni hiyo Zuhura akanisikia nikicheka chumbani na kumwita mama yake. Alichungulia. Nilikuwa peke yangu.

Hakuna aliyethubutu tena. Wakasema: akipata macho, ataona mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Sikulia. Nasahihisha: nimelia baada ya adhuhuri, mlango umefungwa.

Nimemhoji Zuhura kuhusu mazishi. Watu waliombwa wamsamehe marehemu, wakaitikia wote. Ilibaki radhi yangu. Shehe akasema mume aachwe hadi azinduke, kisha aulizwe. Nilizinduka. Hakuna aliyeniuliza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeniuliza, na ameniuliza kila siku. Kabla ya kuondoka husema, "Uko radhi nami, Baba Zuhura?" Nilidhani ni utani wetu wa uzeeni. Nikamjibu kwa utani: "Bado. Mpaka uniletee michembe ya viazi." Ananyamaza kidogo, kisha anakwenda. Nilihesabu kimya kile kuwa tabasamu. Mimi, ninayepima kauli za watu kwa mizani ya dhahabu.

Ijumaa, 7 Juni

Mzee mmoja wa Urambo aliwahi kunisimulia kuhusu wapagazi waliofia njiani bila kuagwa na mtu wao. Alisema roho zao bado huwasimamisha wapita njia, wakiomba watuliwe mizigo. Pembeni mwa simulizi hilo kwenye mswada niliandika: imani, haina ushahidi.

Leo nimetazama maneno hayo muda mrefu. Sijayafuta wala sijayatetea.

Jumapili, 9 Juni

Sauti yake inafifia kadiri jicho linavyopona. Mwanga sasa unapenya hata kwenye kope zilizofumbwa. Nimefunga kitambaa cheusi. Kimesaidia kidogo.

Nimemwambia Zuhura yote. Nilitarajia aniite mwehu. Aliuliza tu, "Huwa anasemaje juu yangu?"

Nikamwambia ukweli: huuliza kama unakula.

Akacheka, akajifuta uso kwa kanga. "Mama naye. Hata huko ananisimamia sahani." Halafu akasema nisipasuliwe jicho la kushoto. Tubaki naye hivi hivi.

Nimefikiri mchana kutwa. Nikipasuliwa kabla ya kumjibu, ataendelea kuuliza na mimi sitamsikia. Nikikataa kupasuliwa, nitakuwa naye, lakini nitakuwa nimemzuia. Nikimpa radhi, atakwenda. Sioni njia ambayo nabaki na mke na yeye akapumzika.

Jumatatu, 10 Juni

Ameuliza mara mbili. Sikujibu. Huu ni uchoyo; naujua kwa jina lake.

Kilichokuwa kikiruka kwenye ungo hakikuwa mchele tena. Kilikuwa kizito, chenye unyevu. Alikuwa akihema kama mtu aliyetembea safari ndefu.

Jumanne, 11 Juni

Zuhura ameketi mkekani, karibu na kiti. Nimefunga kitambaa. Mama yake amechelewa kuja, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata ikanibidi nizuie pumzi.

Hakuwa amemaliza swali lake. Nikasema: "Niko radhi nawe, Mama Zuhura. Duniani na akhera. Nami unisamehe kwa kukuchelewesha."

Kisha akasema, "Haya." Neno hilo tu, kwa sauti ile ile ya mtu aliyemaliza kazi za jikoni. Ungo ukawekwa chini. Miguu mitupu ikapita karibu na kitanda.

Zuhura, ambaye hasikii kitu, akaniuliza, "Ameshaondoka?"

Nilivua kitambaa.

Jumatano, 12 Juni

Jicho la kushoto limepasuliwa. Hakuna tatizo lililoonekana.

Ijumaa, 21 Juni

Macho yote mawili. Daktari amekataza vumbi. Nilivaa miwani na tukaenda makaburini baada ya swala.

Kaburi lina jiwe kichwani na jiwe miguuni. Sikuwahi kufika. Nilisoma dua, kisha, kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaanza kung'oa magugu.

"Baba, hilo si gugu," Zuhura akasema. "Ni mrehani. Nimeupanda mimi."

Huja kuumwagilia kila Ijumaa. Miezi yote hiyo, niliposikia mlango, nilidhani anakwenda sokoni.

Mzizi ulikuwa haujakatika. Niliurudishia udongo, nikaushindilia kwa vidole, naye akamimina maji ya chupa polepole yasije yakauchimbua. Akasema utashika.

Nadhani utashika.