Mutuba Uliovuliwa Gome Kiangazi

Baba,

Mutuba wako haujafa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungenikatiza salamu ili uulize habari za mti, halafu ndiyo ukumbuke kuuliza kama watu wa nyumbani wamekula. Haujafa, lakini sisemi umepona. Kila asubuhi nikitoka kwenda shule nautazama kwanza, na moyo unanidunda kama wa mwalimu aliyeitwa ofisini kwa mkuu bila kuambiwa kosa lake.

Acha nikueleze yaliyotokea uani siku ile, maana wewe ulikuwa umelazwa sebuleni na hukuyaona. Uliagiza uzikwe ndani ya nguo iliyotwangwa kutoka gome la mti wako mwenyewe, si ya kununua sokoni, na ndugu zako wakasema neno la marehemu halivunjwi. Sawa. Ila ulichagua kufa Februari, Baba! Kila mtu anajua mutuba huvuliwa gome wakati wa mvua, ukiwa umejaa maji na gome linaachia lenyewe. Fundi aliyeletwa kutoka kijijini kwenu alipiga kisu akatikisa kichwa. Gome liling'ang'ania. Akalibandua kwa nguvu, na kule chini, upande wa lango, likatoka na kipande cha mti wenyewe. Nilifumba macho.

Mti ukishavuliwa hufungwa papo hapo kwa majani ya mgomba, ule utando mbichi uliobaki usikauke, kwa kuwa humo ndimo gome jipya huota. Majani yalikuwa tayari, fungu zima kando ya tangi. Senga, dada yako mkubwa, akayakuta pale, akaona wapishi wamekwama, akawapa. Fundi anageuka kuchukua majani, majani yako jikoni yamefunika matoke ya waombolezaji! Mpaka tukapata mengine kwa majirani, jua lilikuwa limeuchoma mti wako ukiwa uchi tangu asubuhi mpaka karibu alasiri. Watu waliyasifu sana matoke yale. Mimi sahani yangu niliirudisha jikoni.

Tukakuzika kijijini kwenu, nguo ikiwa bado na unyevunyevu. Tuliporudi hapa Luzira, mutuba ulikuwa umeanza kunyauka. Halafu majani yakaanza kuanguka, ya manjano, uani kote, na Mama akiyafagia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka nikisahihisha madaftari ya biolojia? Unakaa pale langoni na koti lako la zamani la uaskari jela, unaniita kwa sauti: "Fulaha, serikali nalipa wewe kufundisha majani kula?" Jina langu hukuwahi kulitamka sawa tangu nizaliwe. Basi sasa hayo ya majani kula nayajua kwa namna nyingine. Udongo ukikauka, mizizi haina cha kupandisha juu. Jani nalo linafunga vitundu vyake ili lisipoteze maji kidogo liliyo nayo, na likifunga, hewa haiingii, na bila hewa halipiki chakula hata jua liwake namna gani. Jua bila maji ni jiko linalowaka chini ya sufuria tupu. Na mti wako ulihitaji chakula kuliko wakati wowote, cha kuotesha ngozi nzima upya.

Nikaanza kumwagilia kila jioni, ili mwanga wa asubuhi uukute udongo una unyevu. Kiangazi jani hufanya kazi yake mapema, kabla joto halijalifunga. Maji ya bomba yakikatika nilimwaga ya kuoshea mchele. Nilichomeka kidole kwenye udongo kuupima, nikachomeka tena mbali kidogo, nikarudia pale pale pa kwanza kwa kutojiamini. Wapangaji wetu waliniona nimechuchumaa na kidole ardhini na nguo za shule. Nadhani walisema msiba umenipanda kichwani.

Kisha kuna jirani wa upande wa magharibi, yule uliyekuwa ukibishana naye habari za mpaka. Amepandisha ghorofa, Baba. Kuanzia saa nane mchana kivuli chake kinafunika nusu ya mti. Nilimwendea mbio nikamfokea mbele ya mafundi wake kwamba anamwibia marehemu mwanga. Mzee wa watu akavua kofia, akaishika mkononi. Wiki ileile nikaona matawi ya upande wa ukuta wake yamebaki na majani, na yale ya upande wa barabara, yanayokaa juani mchana kutwa, yote yamebaki fito. Kwa udongo mkavu vile, kivuli ndicho kilichoyaokoa. Ilibidi nirudi kumsalimia kwa kupiga magoti, kama mlivyozoea nyinyi Waganda, na unajua nisivyopenda kupiga magoti. Akaniuliza kama sasa ghorofa inaruhusiwa.

Sasa mvua zimefika. Ungedhani nimepumua. Kiangazi nililia maji, na sasa maji ni tele lakini mawingu yanafunga siku nzima, na ukuta uleule uliokuwa mwokozi unanilia saa chache za jua zinazobaki. Vikonyo vimetoka upande wa barabara, vidogo, vyekundu nchani. Navitazama nikijiuliza kama mwanga huu utavitosha. Nimechoka kuogopa hali ya hewa, Baba.

Na bado sijakwambia linaloninyima usingizi. Ni Mama.

Ulimwahidi kwamba naye siku yake ikifika atavikwa gome la mutuba huuhuu, ingawa ndugu zako walinung'unika kwamba ni Mkongo. Ulipiga meza na wakanyamaza. Tangu uondoke anadonoa chakula tu. Anaamka, anaweka kiganja juu ya majani ya mgomba tuliyoufungia mti, anakaa hivyo, anarudi ndani. Nilidhani anakukumbuka. Jumapili moja tunatoka kanisani akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Furaha, huyu muti ananichelewesha. Siku batafungua yale majani, gome itakuwa imepona, njo na miye nitamufata baba yako." Alimsikia fundi akisema kwamba gome likipona tufungue majani, akaishika siku hiyo kama mtu aliyeambiwa na mshonaji lini aende kuchukua gauni.

Nilimshika mkono tukavuka barabara. Mti ukifa, utamvunja moyo. Mti ukipona, anasema nguo yake iko tayari. Kila kikonyo kinachochomoza nakishangilia, kisha nakiogopa. Namwagilia nini mimi?

Nakuhitaji sana, Baba. Ungemwambia neno moja tu la utani angecheka na kula.

Leo asubuhi, kabla hajaamka, nilifungua kidogo upande wa ukuta. Gome jipya limeshika. Nililigusa, ni nyororo na kavu, halikunyonyoka. Hata kule chini, kwenye lile jeraha la lango, kingo zimeanza kusogeleana. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa furaha, mkono mdomoni asinisikie. Halafu nikasikia mlango. Nikayarudisha majani haraka haraka, nikakaza kamba, nikaongeza jani jingine bichi juu. Mama akasimama kwenye ngazi amejifunga kitenge chake, akauliza kama bado. Nikamwambia bado, Mama, bado ni bichi sana. Akaguna, akasema basi tunywe chai, na akaniomba nimpashie kiporo cha jana.

Alikula, Baba. Alimaliza sahani.

Kwaheri. Nakuahidi udongo hautakauka tena mizizini nikiwa hai, na matawi ya mti wowote wa jirani yakitanda juu ya wetu nitayakata kwa adabu, asubuhi, nikishapiga magoti. Siku ya Mama ikija yenyewe, nitaufungua mti na atavikwa kama ulivyomwambia. Lakini hadi hapo nitaufunga kwa majani mabichi kila Jumamosi, mwaka hadi mwaka, gome lipone mpaka lizeeke. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia kila mtu pale langoni, "Halaka ya nini?" Basi usimwite.

Mti umepona. Tunajua wewe na mimi tu.

Fulaha wako