Watoto Tisa wa Bumbire Wasio na Taarifa

Jumanne, Kagondo. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na mimi tangu jana nilikuwa na roho ya kumshuku mtu.

Mtu mwenyewe ni Nesi Kemilembe. Huzunguka makambi ya wavuvi kisiwani Bumbire akiandika chanjo za watoto kwenye daftari, kisha anaziingiza kwenye simu. Programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya JavaScript, ndiyo inayotoa orodha ya watoto watakaofuatwa na boti ya chanjo Alhamisi.

Jana watoto tisa wa kambi moja walitoka na maneno "hakuna taarifa". Programu huwaacha hao, kwa kuwa boti haimfuati mtoto ambaye hali yake haijulikani.

Tisa, na wote kambi moja! Nikasema huyu mama hakufika. Amekaa mahali anatafuna punje za kahawa na wenyeji, siku ikaisha. Nikamwandikia bosi wangu hivyo hivyo.

Na nikatuma.

Leo saa nne nikampigia Kemilembe, nikamhoji kama polisi. Hakukasirika. Alinitumia picha ya daftari.

Ana utaratibu wake. Mtoto ambaye hajamfikia, nafasi yake anaiacha wazi. Akikuta mlango umefungwa, anapiga kistari. Akimkuta mtoto na hajapata dozi hata moja, anaandika 0. Wale tisa wote wana 0.

"Waitu mwanangu," akaniambia kwa heshima ya Kihaya, "hizo sifuri nimewauliza mama zao, na kadi nimeziona."

Nikaifungua programu, nikaisoma upya.

JavaScript nayo inazijua tofauti hizo. Pasipoguswa na mtu, kama nafasi yake ya wazi, ni undefined. Utupu uliowekwa makusudi, kama kistari chake, ni null. Lakini 0 ni namba halali, ni jibu. Mimi niliandika dozi || "hakuna taarifa", yaani toa dozi, na ikikosekana andika hakuna taarifa, na alama hiyo || huikataa hata 0, kana kwamba hakuna aliyejibu. Ilitakiwa iwe ??, ambayo hukataa null na undefined tu. Nimekuwa nikiwafundisha wenzangu jambo hili, kwa majivuno kabisa.

Kwa hiyo watoto wanaoihitaji boti kuliko wote ndio niliowaacha nje. Nimeona aibu mpaka chai imepoa mezani.

Nimebadilisha alama, nimeiendesha tena programu. Wametoka wote tisa. Wa kwanza ni Avelina, miezi mitano, dozi 0. Nimehesabu mara tatu, maana sasa hata mikono yangu siiamini. Orodha mpya imeshafika kwa watu wa boti.

Ile barua kwa bosi ndiyo siwezi kuirudisha. Kesho asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, nitampigia nimwambie aliyekosea ni mimi. Halafu nimpigie Nesi Kemilembe.

Ameniita mwanangu, na hajui kwamba nilikuwa nimeshamsemea kwa bosi.